Siku ya Mwisho Ugenini

Msomaji wangu, kabla hujaendelea nakuomba ujibu swali moja moyoni mwako. Chukulia kwamba umo katika mji wa kigeni. Huna jamaa ndani yake, hudai wala hudaiwi, na hakuna akujuaye kwa jina. Kesho alfajiri utapanda gari kurudi kwenu, na yamkini hutaukanyaga tena mji huo mpaka kufa kwako. Je, katika siku hiyo moja iliyosalia, una wajibu gani kwa watu wake?

Usijibu upesi. Wajibu wa mtoto kwa mzazi ni dhahiri, kwa kuwa mzazi alimlea. Wajibu wa jirani kwa jirani ni dhahiri pia, kwa kuwa leo huyu amfaa yule na kesho yule amfaa huyu. Wajibu wa mwanafunzi kwa mwalimu wake waufahamu, hata siku zile unapoamua kuusahau. Lakini mtu utakayemwona mara moja tu katika maisha yako, asiyeweza kukulipa wema wala kukulipiza ubaya, akudai nini? Wengi wetu hatujiulizi swali hili. Twasafiri, twatazama, twanunua, twarudi. Wahenga walisema tembea uone, nasi tukadhani kwamba kutembea ni kazi ya miguu na kuona ni kazi ya macho, na hapo mambo yamekwisha.

Mimi nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Nilianza kudhani vingine mwaka 2019, katika siku ya mwisho ya safari yangu ya Nairobi. Nitakusimulia habari za siku hiyo, si kwa sababu ilikuwa na ajabu, kwani haikuwa na simba wala jambazi. Nakusimulia kwa sababu nilikosa adabu ndani yake. Kosa la mwalimu, likikiriwa vizuri, laweza kumfaa mwanafunzi kuliko sifa za mwalimu.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu. Mwezi wa Agosti mwaka huo tulikwenda Nairobi walimu kadhaa kwa mafunzo ya juma moja. Mafunzo yalipokwisha tulibakiwa na siku moja ya mapumziko kabla ya kuondoka. Wenzangu waligawanyika. Wengine walikwenda kutazama wanyama katika hifadhi iliyo ukingoni mwa jiji, na wengine walikwenda madukani kutafuta zawadi za nyumbani. Mimi nilikuwa na mzigo ambao wao hawakuwa nao. Nilikuwa nimebeba salamu.

Babu yangu, baba wa baba yangu, alikuwa fundi wa mabehewa katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Alikaa Nairobi miaka mingi katika mtaa wa Makongeni, ulio mashariki ya jiji, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika likagawanywa na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Babu alirudi Tanga na sanduku moja. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini yeye alikuwa amekwisha zeeka na hakurudi Nairobi. Kabla ya kufa aliniambia maneno machache tu: "Ukifika Nairobi, nisalimie Makongeni." Hakunitajia mtu, wala hakunitajia namba ya nyumba. Niliona haya kumwuliza, kwa kuwa niliona machozi yanamlenga.

Basi asubuhi ile nilitoka kwa miguu kuelekea sehemu ya mashariki, ambayo wenyeji huiita Eastlands. Hapa, msomaji, nataka uitafakari tabia ya siku ya mwisho. Siku ya kwanza na siku ya mwisho za mgeni hazifanani. Siku ya kwanza mgeni huwa na hofu. Husalimu kila mtu, huuliza njia kwa unyenyekevu, na hujihadhari asikosee, kwa kuwa ajua kwamba watu wale wale atawaona kesho. Siku ya mwisho hofu imekwisha kuondoka. Hakuna kesho itakayomwuliza. Hapo moyo wa mgeni huwa katika njia panda. Waweza kujaa shukrani, ukasema: watu hawa wamenivumilia juma zima, niwaage vizuri. Au waweza kujaa uroho, ukasema: sitarudi tena, basi nichukue yote niwezayo. Ndiyo maana nasema kwamba tabia ya mtu hupimwa mahali ambapo jina lake halijulikani. Nyumbani twatenda mema na macho ya watu yanatusaidia. Ugenini, siku ya mwisho, hatuna msaidizi ila nafsi zetu.

Nilianzia Kariokor. Mtanzania alisikiapo jina hilo huikumbuka Kariakoo ya Dar es Salaam, wala hakosei, maana majina hayo ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini mwao, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Leo pale Kariokor kuna soko. Nilikuta vikapu vya katani viitwavyo vyondo, viatu vya ngozi na moshi wa nyama ya kuchoma. Mchuuzi aliyeniuzia kikapu alicheka niliposema nimetoka kwenye Kariakoo nyingine. Alisema, "Basi umetoka nyumbani ukaja nyumbani." Nilifurahi, nikaendelea na safari yangu nikijiona mjuzi.

Kutoka hapo nilikwenda Pumwani na Majengo. Pumwani ni mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao ya Waafrika. Humo watu walijijengea nyumba kwa mkono wao, msikiti ukasimama, kanisa likasimama, na hospitali ya wazazi iliyoanza mwaka 1926 ikapokea watoto wa jiji, ikaendelea kuwapokea kizazi baada ya kizazi. Nilipita soko la Gikomba, ambako nguo za mitumba hulundikwa kama vichuguu, soko ambalo limeungua moto mara nyingi na kila mara wachuuzi wamerudi kusimamisha vibanda vyao. Nikafika Shauri Moyo. Jina hilo lilinisimamisha. Hapo ndipo walipohamishiwa watu wa kijiji cha zamani cha Pangani, kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Nasi kwetu, kusini ya Tanga, tuna mji uitwao Pangani. Nikawaza: mtu amebomolewa nyumba, kisha mtaa anaopewa badala yake waitwa Shauri Moyo, yaani sasa shauriana na moyo wako mwenyewe.

Karibu na barabara ya Jogoo nilipita soko la Burma, ambalo jina lake lakumbusha nchi ya mbali walikopigana askari wa Afrika Mashariki katika vita vikuu vya pili. Kisha Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, wenye nyumba zilizopangwa kuzunguka viwanja na ukumbi wake wa mikutano. Mbele zaidi iko mitaa ya Mbotela na Ofafa, yenye majina ya madiwani wawili wa jiji, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa katika siku za machafuko, mmoja mwaka 1952 na mwingine mwaka 1953. Iko na Bahati, iko na Maringo, iko na Jericho. Mtu aweza kuisoma historia ya Afrika Mashariki yote katika vibao vya mitaa hii, asifungue kitabu.

Lakini jambo moja lataka uangalifu wako, kwa kuwa bila hilo hutalielewa kosa langu. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands ilijengwa kwa imani kwamba Mwafrika ni mgeni mjini. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899, reli ilipofika kwenye uwanda ule wa maji baridi. Waafrika walioitandika reli, walioijenga stesheni na waliopika na kufua katika nyumba za wakubwa walihesabiwa kuwa wapita njia. Mwanaume alitakiwa kuwa na kipande, cheti alichokitia ndani ya kikebe cha bati na kukivaa shingoni. Alipewa mahali pa kitanda, hakupewa nyumba ya kukaa na mke na watoto, maana ilidhaniwa kwamba kazi ikiisha atarudi kwao. Mwaka 1954 kamati ya serikali ile ile ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanaume asiye na familia. Watu wakaitwa wageni miaka hamsini katika mji walioujenga.

Na mgeni wa namna hiyo hapigiwi hodi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika msako mkubwa dhidi ya Mau Mau. Nyumba za Eastlands zilifunguliwa na kupekuliwa, watu wakatolewa nje na kupangwa mistari, na Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Milango haikungoja kusikia karibu. Kwa wazee wa mitaa ile, mtu asiyejulikana anayesimama mlangoni bila kubisha si habari ngeni.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma. Hata hivyo nilipofika Makongeni, adhuhuri, nilitenda kama mtu asiyejua kitu. Hilo ni funzo la kwanza, nalo ni chungu kwetu sisi watu wa vitabu. Kujua habari za watu siko kuwaheshimu. Mtu aweza kuwa na elimu ya mji kichwani na ukosefu wa adabu mkononi.

Mwaka ule nyumba za reli zilikuwa zingali zimesimama kwa safu, kuta zimechakaa, nguo zimeanikwa kati ya safu na safu, na sauti za redio zinatoka ndani. Nilitembea taratibu nikijiuliza ni mlango gani aliotokea babu yangu akienda kazini. Nikaona mmoja ulionipendeza. Ulikuwa na pazia la maua lililofungwa upande, na mbele yake mtoto mdogo alikuwa akiogeshwa ndani ya karai. Jua lilikuwa zuri. Nilitoa simu yangu nikapiga picha, kisha nikapiga ya pili.

"Kijana, umekwisha kuchukua?"

Aliyesema alikuwa mama mzee, ameketi juu ya kigoda, anachambua maharagwe katika ungo. Sikuwa nimemwona.

"Nimechukua nini, bibi?" nilimjibu.

Watoto wakaangua kicheko. Nilisahau kwamba huko bibi ni mke, na mama wa mzazi huitwa nyanya, neno ambalo kwetu Tanga lingemfanya mtu afikiri mboga. Mimi mwalimu wa Kiswahili, niliyekuwa nimekwenda Nairobi kuzungumzia Kiswahili, nilikuwa nimemwita ajuza mke wangu mbele ya wajukuu wake. Yeye hakucheka.

"Umechukua mlango wangu," alisema, "na mtoto wa watu akiwa uchi. Nauliza kama umekwisha, au wataka na sufuria."

Nilijitetea. Nilisema mahali palinipendeza, na kwamba picha haipunguzi kitu, mlango ungali pale pale. Alinitazama kitambo, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Kama haipunguzi kitu, mbona hukuomba? Mtu haombi akiogopa kunyimwa."

Sikuwa na jibu. Nilizifuta picha zile mbele ya macho yake, nikampa shikamoo iliyochelewa, nikamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikamweleza habari za babu. Aliniuliza mwaka. Nikasema 1977. Akatikisa kichwa. Alisema yeye alifika Makongeni mwaka 1984, akimfuata mumewe aliyekuwa mtu wa reli, na hakumkuta mtu aliyemtaja fundi wa Tanga. Nikajua kwamba salamu zangu zimekosa mwenyewe, na nikaanza kuaga.

"Ngoja," alisema. "Salamu za Makongeni utazirudisha Tanga za nini? Mimi nimekaa hapa miaka 35. Zilete kwangu."

Nikazitoa kama nilivyopewa: "Babu awasalimu Makongeni."

"Zimefika," alisema, akamtuma mtoto alete kigoda na kikombe cha chai. Nilipokuwa nakunywa aliniuliza jambo moja zaidi: "Na huko kwenu utasema nini juu yetu?"

Msomaji, katika maneno machache ya mama yule yamo masomo matatu, nami nayaleta kwako moja moja.

La kwanza ni juu ya kutazama. Tuna methali isemayo macho hayana pazia, nayo ni ya kweli. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kile ambacho jicho lake limekiangukia barabarani. Lakini angalia vizuri: macho hayana pazia, walakini milango inayo. Mwenye nyumba aliyetundika pazia amekwisha sema neno. Amesema kwamba kuna yaliyo ya njia na kuna yaliyo ya nyumba. Ndipo tukawa na desturi ya hodi. Mtu hubisha, akajibiwa karibu ndipo aingie. Akibisha mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka, wala haoni kwamba amedhulumiwa. Hodi ni neno fupi, lakini ndani yake mwenye kusema amekiri kwamba aliye ndani aweza kukataa. Swali lisiloruhusu kukataliwa si swali. Mama yule aliliona jambo hili haraka kuliko mimi niliyesoma vitabu: sikuomba kwa sababu nilijua kwamba naweza kunyimwa.

Huenda utasema, "Mwalimu, unakuza jambo dogo. Picha ya mlango si msako wa askari." Kweli, si sawa, na ningekuwa mwongo kama ningezilinganisha. Askari wale waliondoka na watu. Mimi niliondoka bila kitu. Lakini mambo mawili yaweza kuwa ya ukubwa tofauti na ya ukoo mmoja. Ukoo wao ni huu: kumwona mtu kuwa sehemu ya mandhari, kama mti au kilima, si kuwa mwenye nyumba ambaye neno lake lahitajika. Uovu mkubwa haukuanza kwa ukubwa. Ulianza siku mtu alipoona kwamba hana haja ya kuuliza.

La pili ni juu ya salamu. Babu aliusalimu mtaa, hakumsalimu mtu, na mama yule alizipokea salamu za mtu asiyemjua. Kwa nini alifanya hivyo? Hakupata faida yoyote. Mimi nilikuwa nimemkosea, na kesho sikuwapo. Angaliweza kuniacha niondoke na aibu yangu, wala asingelaumiwa na mtu. Hapa ndipo lilipo jibu la swali nililokuuliza mwanzo. Sisi twadhani kwamba wajibu ni biashara, nipe nikupe, na kwa hiyo asiyeweza kulipa hatudai kitu. Mama yule alionyesha kwamba kuna deni lisilotokana na kukopa. Mtu akudai adabu kwa sababu ni mtu. Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani, ambaye katika maisha yake yote hakusafiri mbali na mji wake, aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki ya kufika katika nchi ya watu bila kutendewa kama adui, lakini hana haki ya kudai ukarimu. Naona alisema kweli. Haki ya mgeni ni kutodhuriwa. Kigoda na chai ni zawadi. Kwa sababu ni zawadi, apewaye hana budi kuzichukua kwa mikono miwili. Nami naongeza upande wa pili, kwa kuwa haki haina upande mmoja: mwenyeji naye ana haki ya kutazamwa bila kufanywa kitu.

Tena, kumbuka ni nani aliyenikaribisha. Alikaa katika mtaa uliojengwa kwa ajili ya watu walioitwa wapita njia. Walioambiwa kwamba mji si wao ndio walioupa mji majina, misikiti, makanisa, masoko na hata lugha mpya ya vijana, Sheng, ambayo husemwa kuwa imezaliwa katika mitaa hii hii. Nilipowasikia watoto wakiita nyumba keja na mama mathe, ulimi wangu wa ualimu uliwasha kutaka kuwasahihisha. Nashukuru kwamba nilinyamaza, maana dakika chache baadaye wao ndio walionisahihisha mimi. Wenyeji, basi, si karatasi wala tarehe ya kufika. Mwenyeji ni yule awezaye kusema karibu na neno lake likawa na maana. Kwa kipimo hicho mama yule alikuwa mwenyeji kamili, na wale walioandika vipande walikuwa wageni wasiopiga hodi.

La tatu ni juu ya ushahidi. Aliniuliza nitasema nini nirudipo. Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa msafiri ni shahidi, na aliyeshuhudiwa hayupo kujitetea. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa. Alilala Mombasa usiku mmoja tu. Hata hivyo maneno machache aliyoyaeleza, juu ya migomba, juu ya misikiti ya mbao, juu ya watu waliosafisha miguu kabla ya kuingia kusali, yangali yakisomwa baada ya miaka karibu 700. Watu wa Mombasa ya siku zile hawakupata nafasi ya kuandika jibu. Fikiri: kama angekuwa mtu wa dharau, usiku mmoja ungetosha kuwachafulia jina kwa karne saba.

Kuna wanaosema kwamba kwa kuwa siku moja haitoshi kuujua mji, msafiri na anyamaze. Mimi sikubali. Tukinyamaza sote, majirani watabaki hawajuani, na penye ujinga uvumi hukaa kitako. Dawa si kunyamaza. Dawa ni kusema kwa kadiri ya ulichokiona. Ukirudi safarini, sema, "Nilimwona mtu mmoja akifanya hivi." Usiseme, "Watu wa kule ndivyo walivyo." Kauli ya kwanza ni ushahidi, ya pili ni hukumu, na hukumu haitolewi na shahidi wa siku moja. Niliporudi nyumbani wengi waliniuliza, "Nairobi ikoje?" Nimejifunza kujibu, "Sijui Nairobi ikoje. Lakini naweza kukuambia habari za mama mmoja wa Makongeni." Insha hii ni sehemu ya jibu nililodaiwa pale kwenye kigoda. Jina lake silitaji, maana sikumwomba ruhusa ya kulitaja.

Jioni ile niliwakuta wenzangu wakioneshana picha. Waliniuliza zangu ziko wapi. Nikasema sina. Walinihurumia, wakaona siku yangu imepotea. Kesho yake alfajiri tuliondoka, tukavuka mpaka wa Namanga, na mchana kutwa niliitafakari siku hiyo kuliko siku zote sita zilizotangulia. Nilipofika Tanga nilikwenda kwenye kaburi la babu. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Zimefika." Sidai kwamba alisikia. Lakini mimi nilikuwa nimebeba amana, na mwenye kubeba amana husema alipoifikisha.

Sasa nawe, mwanafunzi, siku yako yaja. Leo nchi za Afrika Mashariki zina Jumuiya mpya, iliyotiwa saini Arusha mwaka 1999, na njia zi wazi kuliko zilivyokuwa siku za babu yangu. Utakwenda Nairobi, au Kampala, au Unguja, au mbali zaidi, kwa masomo au kwa kazi. Utafika siku ya kwanza na hofu yako, nayo itakulinda. Nakuusia uilinde siku ya mwisho, kwa kuwa hiyo haina mlinzi mwingine. Tembea uone, lakini ukifika penye pazia simama. Uliza, na umwachie mwenzako nafasi ya kusema la. Chukua ulichopewa, acha ulichonyimwa. Ukiwa na salamu za mtu, zifikishe hata kama umechelewa miaka 42. Nawe ukiwa ndiwe mwenyeji, na mgeni amekosea mlangoni pako, mwambie kosa lake waziwazi, kisha mletee kigoda.